Muulize Muuguzi wa Mifupa: "Sisi tuna lipi la kuwaambia madaktari?"

Shikamoo Bi Muuguzi. Mama yangu ana miaka 78, mzaliwa wa Pangani, tunaishi naye hapa Leicester. Mwaka jana wakati wa baridi aliteleza jikoni akavunjika nyonga, akawekewa nusu nyonga ya bandia. Sasa anatembea kwa fremu, chumbani mpaka sebuleni. Wiki iliyopita imekuja barua na dodoso kupitia hospitali. Wanataka mama, na sisi tunaomtunza, tuandike mambo ambayo tungependa yafanyiwe utafiti kuhusu mifupa iliyovunjika. Bi Muuguzi, mama aliishia darasa la nne na mimi ni dereva wa basi. Madaktari wamesoma miaka yote ile, sisi tuna lipi la kuwaambia? Kaka yangu anasema tusijaze, wanatafuta watu wa kuwafanyia majaribio. Mama mwenyewe kanijibu, "Wao ndio waganga, mimi mgonjwa." Nijaze au niitupe?
*Binti wa Bi Mkubwa, Leicester*

Marahaba mwanangu. Mpe Bi Mkubwa pole zangu, mwambie anayekuandikia ni mtoto wa Tanga, jirani yake. Na barua usiitupe.

Nianze na hofu ya kaka yako, maana ina msingi na haifai kupuuzwa. Kujaza dodoso si kukubali kufanyiwa majaribio. Hakuna atakayekuja kumtoa mama damu au kumbadilishia dawa kwa sababu aliandika maoni yake. Jaribio la tiba lina karatasi zake, lina maelezo yake ya kurasa kadhaa, na mgonjwa ana haki ya kulikataa bila kupunguziwa huduma hata chembe. Hili lililowafikia ni la hatua ya nyuma zaidi: kabla ya kuamua tiba gani ijaribiwe, watu wanaulizwa ni jambo gani hasa halijulikani na linawasumbua. Ukiwa na shaka kama barua ni ya kweli, chukua namba ya simu iliyo kwenye karatasi mliyopewa siku ya kuruhusiwa, si namba iliyo kwenye barua yenyewe, upige uulize. Wakikutaka namba ya akaunti ya benki, hapo ndipo uichane.

Sasa hilo la "sisi tuna lipi la kuwaambia". Mwanangu, daktari mpasuaji aliijua nyonga ya mama kwa muda ule aliokuwa nayo mezani. Anajua saruji ya kugandishia, anajua kipimo cha chuma, anajua mshipa upi asiuguse, na kwa hayo namheshimu kwa moyo wote. Lakini ninyi mmekuwa na nyonga hiyo tangu baridi ya mwaka jana. Mnamtoa kitandani, mnampeleka bafuni, mnamsikia akigeuka usiku. Mambo mnayoyajua hayamo katika faili lake, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Kutowauliza kuna gharama. Mwaka 2000 watafiti wa Bristol walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho ambao huwa nawasimulia wauguzi wapya kila wanapokuja wodini. Waliangalia majaribio ya tiba yaliyofanywa kuhusu magoti yanayosagika, kisha wakawauliza wagonjwa wenyewe wangependa nini kichunguzwe. Zaidi ya asilimia 80 ya majaribio yalikuwa ya dawa. Wagonjwa waliotaka utafiti zaidi wa dawa walikuwa asilimia 9 tu. Wengi walitaka kujua kuhusu upasuaji wa goti, mazoezi ya viungo, na namna ya kuishi na goti lenyewe siku hadi siku. Fedha nyingi na miaka ya watu wenye akili ilikwenda kujibu swali ambalo mwenye goti hakuliuliza. Hilo linaniuma mpaka leo, maana goti la bibi aliyeko kitanda cha nne bado liko palepale.

Ndiyo sababu mwaka 2004, hapa Uingereza, ikaundwa James Lind Alliance. Jina ni la daktari wa jeshi la majini aliyewachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye mwaka 1747, ndani ya meli ya Salisbury, akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka. (Kila nikikamulia mchuzi limau namkumbuka.) Kazi ya umoja huu ni kuwakalisha meza moja wagonjwa, wanaowatunza na wanaowatibu, wakubaliane ni maswali kumi gani yatangulie mengine yote. Wenye viwanda vya dawa na vya vyuma hawana kura pale. Hata profesa, ikiwa ni mtafiti tu asiyetibu wagonjwa, hapigi kura. Mama yako anapiga.

Kwa mifupa ya wazee walifanya kazi hiyo kati ya Agosti 2016 na Januari 2018. Waliwalenga watu waliopita miaka 60, waliovunjika nyonga, paja, mguu au fupanyonga kwa mwanguko mdogo tu, kama wa mama jikoni. Watu 365 walijibu dodoso la kwanza, na wakaleta mambo 963. Fikiria hilo: kila mmoja kwa wastani alikuwa na mawili au matatu moyoni, na huenda hakuwahi kupata wa kumwambia. Yaliyofanana yakaunganishwa, yakawa maswali 88. Kisha tafiti za nyuma zikapekuliwa kuona kama kuna yaliyokwisha kujibiwa, yakabaki 76 ambayo kweli hayana jibu. Dodoso la pili likayachuja hadi 25, na hayo 25 yakapelekwa kwenye kikao cha ana kwa ana yatoke 10.

Mimi huwa nakwama kwenye yale 12 yaliyoondolewa. Majibu yake yalikuwapo, yameandikwa, yamechapishwa. Ila kuna mtu alitoka hospitali akiwa na mguu wake mbovu, akakaa nyumbani miezi, bado anauliza. Hapo kosa si la utafiti, ni letu sisi tulio wodini.

Hayo kumi ya mwisho yaligusa kurudi katika hali ya kawaida baada ya kuvunjika, maumivu, ganzi na upasuaji. Ona basi: upasuaji umo, lakini si peke yake. Na katika madodoso, upande wa watoa huduma na upande wa wagonjwa, walezi na jamaa zao walijibu kwa usawa. Haikuwa kwamba wagonjwa walialikwa kupamba meza.

Mimi nimewahi kuketi katika kikao cha namna hii, si hicho, kingine cha maradhi ya mifupa. Kila swali limeandikwa kwenye kadi lake, makadi yametandazwa mezani, na watu saba au wanane wanayasogeza juu na chini. Kushoto kwangu alikaa daktari mpasuaji, mtu mwema, ameshika kadi la aina ya skrubu na analitetea kwa hoja nzuri. Mbele yake mzee mmoja aliyevunjika paja, kimya tangu asubuhi, koti hajavua. Ilipokaribia saa sita mchana akaweka kidole juu ya kadi la maumivu ya usiku, lililokuwa chini kabisa, akasema, "Saa nane za usiku ninyi nyote mmelala. Mimi niko macho, na hakuna aliyeniambia nimeze nini tena." Daktari yule hakubishana. Alichukua kadi lake la skrubu kwa mkono wake mwenyewe, akalishusha, akalipandisha lile la mzee. Nimeona upasuaji mwingi maishani mwangu, lakini mkono ule siusahau.

Kwa hiyo kaa na mama. Usimuulize, "Mama, ungependa utafiti gani?" maana atakujibu tena kwamba yeye si mganga. Muulize, "Ulipotoka hospitali, ni jambo gani lilikusumbua ukamuuliza mtu na hakukupa jibu?" Kisha nyamaza. Andika anavyosema, kwa Kiswahili chake, tafsiri itafuata. Usimsafishie maneno. Akisema "mguu unaniita", andika hivyohivyo.

Nikupe mfano ninaoujua. Miaka michache iliyopita nilimuuguza bibi mmoja, mtu wa Mombasa, naye kawekewa nusu nyonga. Mtaalamu wa mazoezi alikuja na orodha yake: kuinuka kitini, kupanda ngazi, kuingia garini. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza mimi pembeni, "Mwanangu, nitasujudu lini?" Sikuwa na jibu. Nikamuuliza daktari wa kwanza, akasema miezi mitatu. Wa pili akasema ni afadhali asijaribu tena maisha yake yote. Wa tatu akasema aanze wakati wowote akijisikia. Nyonga moja, madaktari watatu, majibu matatu, na wote watatu walikuwa wasomi wazuri. Jambo lenyewe halikuwa limechunguzwa kwa mtu kama yeye. Ziko wodi zinazomkataza mgonjwa kuinama kupita pembe mraba au kupishanisha miguu kwa wiki kadhaa, na ziko zilizokwisha kuacha masharti hayo. Bibi yule alimaliza kwa kuswali juu ya kiti, na dini inamruhusu, lakini alilia. Swali lake lilikuwa na haki ya kuwa kwenye kadi.

Pengine mama yako ana lake la aina hiyo. Pengine anataka kujua ataweza lini kuchutama, siku mtakapompeleka Pangani kusalimia na choo ni cha shimo. Pengine ni zile siku za kuweweseka baada ya upasuaji, alipokuwa akimwita marehemu dada yake, nanyi mkadhani ndiyo basi amepotea. (Hilo huwapata wazee wengi, na familia huachwa na hofu peke yao.) Na wewe jaza lako kivyako, kwa sababu mlezi naye ana nafasi. Ulimwinuaje peke yako asubuhi ya kwanza? Ulikosa siku ngapi za kazi? Ni nani alikuonyesha namna ya kumshika?

Ila jambo moja, tafadhali: asishuke kusujudu kwa sababu amesoma habari za bibi wa Mombasa. Aulizwe kwanza daktari aliyemfanyia, kwa nyonga ile ile.

---

Bi Muuguzi, nilivunjika kifundo cha mguu nikicheza mpira, nikapasuliwa nikawekewa vyuma. Daktari akasema nisikanyage wiki sita. Jamaa yangu wa Luton, yeye kavunjika kama mimi, kaambiwa akanyage baada ya wiki mbili tu. Na shangazi yangu aliyevunjika nyonga alisimamishwa kesho yake! Ni nani kakosea?
*Beki wa Jumapili, Milton Keynes*

Hakuna aliyekosea, ndugu yangu. Shangazi tumtoe kwanza: nyonga ni habari nyingine. Mwongozo wa kitaifa wa huku unataka mzee apasuliwe siku aliyofika au siku inayofuata, na kesho yake baada ya upasuaji ainuliwe, kwa sababu kitanda kinamdhuru mzee haraka kuliko mguu.

Ninyi wawili wa vifundo mmekutana na swali ambalo wapasuaji walibishana nalo kwa miaka, wiki mbili au sita. Limejaribiwa katika hospitali 23 za Uingereza kwa watu zaidi ya 500 waliopasuliwa kifundo, na matokeo yakatoka katika Lancet mwaka 2024: walioanza kukanyaga baada ya wiki mbili hawakuwa nyuma ya waliosubiri sita. Nalipenda jaribio hili kwa sababu linajibu kitu ambacho kila mwenye magongo huuliza kabla hata hajafika mlangoni. Lakini si kila kifundo kilichovunjika kinaingia humo. Mfupa laini, kisukari kilichoua hisia za mguu, au kidonda kisichofunga vinaweza kumfanya daktari akucheleweshe. Mpigie, umuulize kwa maneno haya: "Kwangu mimi, kuna sababu gani ya kungoja wiki sita?" Akikupa sababu, ngoja. Usijiamulie kwa kumtazama jamaa wa Luton.

---

Shikamoo Bi Muuguzi. Mimi ni dereva wa bodaboda, nasoma safu yako kwa simu ya rafiki. Niligongwa, muundi ukavunjika na mfupa ukatoka nje. Nimefungwa vyuma vya nje, vimetoboa ngozi, huu mwezi wa tatu. Jirani yangu wodini aliumia kama mimi akawekewa chuma cha ndani. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa ndivyo ilivyoamuliwa. Huko kwenu naona wagonjwa wanaulizwa. Sisi ni nani atatuuliza? Mama mkwe ananishauri niende kwa mhazigi, yule mganga wa jadi anayeunga mifupa.
*Dereva, Muheza*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Miezi mitatu na vyuma nje ni mirefu, najua hata kuvaa suruali ni kazi.

Swali lako la chuma cha ndani au cha nje limeulizwa, tena si Ulaya. Limeulizwa Dar es Salaam, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa watu 240 waliovunjika muundi na ngozi ikapasuka, kama wewe. Nusu walipangiwa chuma cha ndani, nusu vyuma vya nje, kwa bahati nasibu, wakafuatiliwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa 2020. Katika yale makubwa, yaani kufariki au kurudishwa tena chumba cha upasuaji kwa usaha wa ndani, mfupa kutounga au kuunga vibaya, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa ya kutosha kusema hii imeishinda ile. Wenye chuma cha ndani mifupa yao ilikaa imenyooka zaidi, na walijisikia vizuri zaidi katika wiki sita za mwanzo, lakini kufikia mwaka mmoja pengo hilo lilikuwa limefutika.

Kwa hiyo hukufanyiwa tiba ya daraja la pili. Ungeambiwa hivyo kitandani, kwa maneno mawili, ungelala. Nakuambia kwa uchungu, kwa sababu jibu lilikuwapo na lilitoka kwenu, na bado wewe unalipata kwenye simu ya rafiki.

Ni nani atawauliza? Hapo natoa maoni yangu mwenyewe. Wodi za mifupa kwetu zimejaa vijana wa pikipiki, na kama tungewatandazia makadi mezani, sidhani la aina ya chuma lingekuwa juu kabisa. Nilipokuwa wodini Tanga nilisikia zaidi habari za hesabu: bosi anataka hesabu yake ya wiki na pikipiki imelala. Nitarudi barabarani lini? Nikirudi kabla mfupa haujashika, nini kitatokea? Nauli ya kliniki naipata wapi, na nikikosa kliniki moja nimepoteza nini? Hayo ni maswali ya utafiti kabisa, yanaweza kupimwa, na jibu lake lingemsaidia daktari kupanga tiba ambayo kijana ataimaliza. Na la mama mkwe nalo ningeliweka mezani. Watu wanakwenda kwa wahazigi, wengine kabla ya hospitali na wengine baada yake. Ningependa wahazigi wenyewe wakae kwenye kikao hicho, tujue wanachofanya kinamsaidia nani na kinamuumiza nani.

Lakini wewe, mwanangu, kwa mguu huo usiende. Mfupa wako ulitoka nje ya ngozi na sasa umeshikwa na vyuma vinavyopita kwenye nyama. Ukikandwa na kuvutwa, mfupa unaweza kuhama na uchafu ukaingia ndani. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba muuguzi wa Tanga ndiye aliyekataza, lawama nitazibeba mimi.

Kliniki ijayo nenda na karatasi, uandike kabla hujatoka nyumbani, maana ukikaa mbele ya daktari yote yanapotea. Uliza mfupa umeshika kiasi gani kwenye picha, akuonyeshe picha yenyewe kwa kidole. Uliza vyuma vinatoka lini. Uliza vikitoka utafungwa hogo (plasta ngumu), utawekewa chuma cha ndani, au utatembea hivyohivyo. Na usingoje kliniki endapo penye vyuma patatoa usaha, pataota moto na kuwa pekundu, chuma kitaanza kucheza, au utapata homa. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.